Chura wa mti: kasha la kioo liko tayari, Jumamosi nimchukue?

Mzee wa Nkuhungu
Wakuu, habari za jioni. Niko Dodoma. Kwa shemeji yangu Hombolo, karibu na bwawa, kuna chura mweupe kama chaki anaishi bafuni. Mchana kajibana juu ukutani, hatikisiki. Usiku anafuata wadudu wa kwenye taa. Nimempenda, na shemeji kanipa ruhusa kwa mikono miwili maana mkewe kagoma kuoga humo.

Fundi aluminiamu wa Majengo kanitengenezea kasha la kioo, kimo sentimita 60, upana 45 kwa 45, mlango mbele. Kamaliza jana, bado linanuka silikoni. Nimeweka udongo wa bustani na mawe ya rangi, nikalowanisha, juu nimefunika kwa kioo unyevu usitoke. Kila video inasema chura anataka unyevu, na kwa Julai hii ya kwetu hata midomo yangu imepasuka. Kuna nilichosahau?

Mama Kinyonga
Kaka, Jumamosi usiende. Huyo ni mnyamapori, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haiangalii kama ni swala au chura: kumkamata kunataka kibali. Ruhusa ya shemeji si kibali. Pita kwanza ofisi ya wanyamapori.

Ukiwa unasubiri, mtazame vidole vya mkono. Kama vimegawanyika viwili huku, viwili kule, kama vya kinyonga, basi ni wale wanaotaga kwenye povu jeupe, linalening'inia kwenye matawi juu ya maji mvua zikishaanza. Huyo si chura wa kwenye video zako. Ule weupe ndio mwavuli wake dhidi ya jua. Anakaa mkavu mchana kutwa, na mkojo wake ni kama wa ndege, mzito mweupe, ili asipoteze maji. Sasa wewe umemwandalia kinamasi chenye mfuniko! Chuoni tulikuwa nao maabara, wa kwanza tulimuua hivyo hivyo tukidhani tunamdekeza. Ngozi ilioza.

Kioo cha juu ondoa, weka wavu wa dirisha. Tupa mawe ya rangi, akirukia mdudu anaweza kumeza na jiwe. Udongo wa bustani una mbolea; tumia makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, yawe na unyevunyevu chini tu. Matawi makavu mengi, ya kulala na ya kusimama, manene kama mpini wa fagio. Bakuli la maji liwe la kina kifupi. Maji ya bomba yalaze siku nzima kwenye ndoo wazi dawa ipungue, na yale ya kisima yenye chumvi usimpe kabisa. Kasha lisipigwe na jua la dirishani, kioo kitampika.

Halafu hiyo silikoni. Kama ni ile ya bafuni ya kuzuia ukungu, ina sumu, ibanduliwe yote. Kama ni ya kawaida, acha mlango wazi wiki nzima mpaka harufu ya siki iishe. Baada ya hapo kasha likae tupu wiki mbili nyingine na kipimajoto ndani, uone usiku linashuka hadi ngapi.

Kijana wa Swaswa
Na chakula je? Mwezi wa saba wadudu wa taa Dodoma ni wa kuhesabu. Anza kufuga nyenje kwenye ndoo sasa hivi. Wa kuokota nyumba iliyopuliziwa dawa ya mbu, usithubutu.

Mzee wa Nkuhungu
Mama Kinyonga, nimekuza picha yake: viwili huku, viwili kule. Na bomba la silikoni nimelifuata kwa fundi, limeandikwa la kuzuia ukungu. Kanuna, ila Jumatatu anabandua. Ofisi ya wanyamapori nakwenda kesho asubuhi. Shemeji naye kapiga simu, anasema kama ni wiki tatu basi mkewe ataoga kwa jirani na maji nilipe mimi.