Tupeane uzoefu: riwaya iliyoachwa na marehemu, ikamaliziwa na mwingine

Msomaji_Tanga
Wakuu, habari za jioni. Nimemaliza Micro ya Michael Crichton na bado haijanitoka kichwani. Kwa wasioijua: Crichton, yule daktari aliyeandika Jurassic Park, alifariki Novemba 2008 akaiacha riwaya hii njiani. Richard Preston akapewa kazi ya kuimalizia, ikatoka 2011 ikiwa na majina ya wote wawili. Wanafunzi saba wa shahada za juu wanapelekwa Hawaii, kampuni moja inawapunguza kimo hadi nusu inchi, wanajikuta msituni kati ya sisimizi, buibui na nyigu.

Nataka kujua kama nanyi mlihisi mkono ulipobadilika. Mimi nilihisi, japo siwezi kuonyesha ukurasa. Mwanzo una ile kasi ya Crichton: kampuni yenye siri, bosi mwenye maneno matamu anayepanga kuua. Wakishaingia msituni mwendo unapungua, wadudu wanaelezwa kwa subira kubwa. Wengi wanalalamikia sehemu hiyo, mimi ndiyo niliyoipenda. Kilichoniuma ni Peter Jansen (asiyetaka kusimuliwa aruke hapa). Nilishamshika kama mhusika mkuu, anauawa katikati ya kitabu! Nilirudia ukurasa nikidhani nimesoma vibaya.

Mwalimu wa Baiolojia
Mkuu, mimi kilichonishika ni nyigu. Kuna Danny, mmoja wa wanafunzi wale, nyigu anamtagia mayai mkononi na mabuu yanakulia humo humo akiwa hai. Wenzangu ofisini walisema mwandishi katunga mno. Nikawapeleka nyuma ya darasa, ukutani kuna viota vya udongo vya nyigu. Nilipovunja kimoja mlikuwa na viwavi wamepangwa wamebanana, laini, wa kijani, hawawezi kutembea lakini ukimgusa mmoja anajikunja kidogo. Nyigu huwachoma sumu ya kuwapoozesha, hawaui, ili buu likianguliwa likute chakula kibichi. Preston hakutunga hilo, alibadilisha kimo cha binadamu tu. Kitabu hiki nakitumia kufundishia na sijali nani aliandika sura ipi.

Mhaya_Halisi
Waliomchagua Preston walijua wanachofanya. Someni The Hot Zone, kitabu chake cha 1994 kuhusu virusi hatari. Inaanza na Mfaransa aliyetembelea pango la Kitum, Mlima Elgon, mwaka 1980, akaja kufia Nairobi kwa Marburg, ugonjwa wa virusi unaoua. Mimi niliisoma 2023, Marburg ilipotangazwa hapa kwetu Kagera, na usiku ule sikulala. Baadaye nikaona wataalamu wa virusi wanamlaumu kwa kutia chumvi alipoeleza wagonjwa wanavyotoka damu, na nakubaliana nao, kwa sababu hofu ya aina ile inafanya watu wamkimbie mgonjwa. Ila kwenye Micro ukali wake umekaa mahali pake.

mama_Zawadi
Jamani, mimi napinga. Nilinunua Micro kwa wauza vitabu vya mitumba hapa Nairobi kwa sababu ya jina la Crichton. Yule Drake, bosi wa kampuni, ni mbaya tu toka mwanzo hadi mwisho, hana hata chembe ya shaka. Crichton angekuwa hai angeuandika upya mara ngapi mswada huo? Marehemu hawezi kusema "hapa hapana." Halafu 2024 ikaja Eruption, ya volkano ya Mauna Loa, iliyomaliziwa na James Patterson. Sura fupi fupi, watu wengi, hata sikupata muda wa kumhofia mmoja wao.

Msomaji_Tanga
Dada, hoja yako nzito, na kuhusu Drake sina ubishi. Lakini Eruption mjane wake mwenyewe, Sherri, ndiye aliyeupata mswada na utafiti wake, akamtafuta Patterson. Fundi akifariki nyumba ikiwa kwenye lenta, familia ina haki ya kuita fundi mwingine.

mama_Zawadi
Haki wanayo kaka. Ninachotaka ni kuambiwa marehemu aliishia ukurasa gani. Wangeweka alama, basi.

Mwalimu wa Baiolojia
Hapo nakuunga mkono. Tena kuna Pirate Latitudes ya Crichton, ilikutwa imekamilika kwenye kompyuta yake, ikatoka 2009 kwa jina lake peke yake. Aliyeisoma atuambie: bila mtu wa pili, inasomekaje? Kama kuna mwenye nakala Dodoma, naomba kuazima, nitairudisha.