Mrejesho: kabati la mama la mninga
Wakuu, niliuliza kama niuze kabati la vyombo la marehemu mama ninunue jipya la mbao za kubandika. Wengi mlinikatalia, ahsanteni sana. Nimelipeleka kwa fundi kule Keko, Dar. Mchwa walikula plaiwudi ya nyuma tu. Mninga wenyewe mzima kabisa! Kakwangua vanishi ya zamani, kapiga msasa, ile kahawia yenye wekundu ikajitokeza.

Ndani ya mlango wa kushoto kuna mistari ya kalamu, mama alikuwa akitupima urefu kila Idi. Hapo nilimkataza fundi asiguse. Dada alipoiona alilia.

Vioo vya maua vimebaki. Bawaba ndizo mpya. Siuzi tena, msinifuate inbox.