X nyekundu zimejaa vihambani, ripoti ya mazingira hatujaiona: laini ya umeme mkubwa Moshi vijijini

Wakuu, nimenyamaza vya kutosha. Kwetu Moshi vijijini, upande wa mlima Kilimanjaro, inaletwa laini mpya ya umeme mkubwa. X za kuonyesha kitakachoondolewa zimeshapigwa ndani ya vihamba, yaani mashamba yetu ya nyumbani ya migomba na kahawa: kwenye miti ya miringaringa, kwenye miruka, hadi ukuta wa jiko la mama jirani yangu ambaye hata taarifa hakupewa. Ripoti ya mazingira hakuna mwanakijiji aliyeitia machoni.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 81, inataka tathmini itangulie, mradi ufuate. Kanuni za 2005 zinataka wananchi watangaziwe na muhtasari wa ripoti uwepo kwa Kiswahili. Sisi tuliitwa mkutano mmoja, tukasaini karatasi ya mahudhurio, tukapewa soda. Leo mshauri elekezi, yule anayeandaa ripoti ya mazingira, anasema karatasi ile ndiyo ushahidi kwamba tuliridhia. Kusaini kwamba nilikuwepo na kuridhia wapi na wapi?

Kinachoniuma zaidi ni upimaji wenyewe. Walikuja katikati ya masika. Masika banio, pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni, linafungwa, mvua inatosha, mfongo, yaani mfereji wetu wa asili wa kumwagilia, unaota majani na mgeni anauona kama mtaro uliotelekezwa. Hawakumuuliza mzee yeyote wa mfongo. Matokeo yake, vigingi vya nguzo ya chuma vimesimikwa juu ya mfongo wenyewe, unaonywesha vihamba vyote vya chini yetu kila kiangazi!

Halafu mthamini anahesabu migomba kwa shina, kahawa kwa shina, anafunga daftari. Kihamba hakihesabiwi hivyo. Mringaringa unaipa kahawa kivuli, majani yake yanaoza kuwa mbolea, mgomba unalisha ng'ombe wa zizini, samadi inarudi kwenye mgomba. Chini ya nyaya zile mti mrefu hauruhusiwi. Ukifyeka miti ya mkuza, ile njia inayoachwa wazi chini ya laini, hata kahawa iliyobaki pembeni inapigwa jua. Hasara hiyo imeandikwa wapi? Mfumo huuhuu FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, iliutambua pale Shimbwe Juu, Uru, mwaka 2011, kama urithi wa kilimo wa dunia. Na makaburi je? Tunazika kihambani, masale, mimea tunayopanda kuonyesha kaburi, yanaonekana, na wamepita bila kuuliza ni ya nani.

Fidia nayo kimya. Sheria ya uthamini ya 2016 inasema ilipwe ndani ya miezi sita baada ya uthamini kuidhinishwa, ikichelewa iwe na riba. Tumekatazwa kupanda mazao ya kudumu, na hakuna anayetuambia huo uthamini umefikia wapi.

Asije mtu hapa akasema tunapinga maendeleo. Umeme tunautaka. Tunataka wataalamu warudi Januari maji yakiwa mfongoni, watembee na wazee hadi kwenye banio, na waandike ni njia zipi nyingine walizifikiria na kwa nini walizikataa. Kama jibu lao ni zuri, liwekwe ofisi ya kijiji tulisome.

Barua ya kwenda NEMC, baraza la taifa la mazingira, inaandikwa na wenye vihamba wanaisaini wiki hii. Kama humu kuna mwanasheria wa ardhi aliye Moshi, au mdau aliyewahi kupeleka shauri Baraza la Rufaa za Mazingira, naomba aniandikie. Fomu ya uthamini mimi sisaini mpaka niione ripoti.