Dodoso la shughuli za mwili kwa wavuvi wa Kigoma: je, dakika za kazini na za mazoezi zijumlishwe?

Mwanafunzi wa Ujiji

Salaam, wanajukwaa. Ninasoma shahada ya uzamili ya afya ya jamii, na utafiti wangu unahusu uhusiano kati ya shughuli za mwili na shinikizo la damu kwa watu wazima wa Manispaa ya Kigoma Ujiji. Nina makundi matatu: wavuvi wa dagaa wa mialo ya Katonga na Kibirizi, wanawake wanaoanika na kuuza dagaa katika mialo hiyohiyo, na watumishi wa ofisini wanaoishi Mwanga na Bangwe. Nimepanga kutumia dodoso la GPAQ la Shirika la Afya Duniani, lenye maswali 16, ambalo huuliza kuhusu wiki ya kawaida na hugawa shughuli katika kazi, safari za miguu au baiskeli na muda wa mapumziko, kisha huuliza mtu hukaa saa ngapi kwa siku.

Tatizo limejitokeza katika majaribio ya awali. Mvuvi akisema kuwa hufanya kazi nzito saa 6 kwa siku, siku 6 kwa wiki, anapata dakika 2,160, nazo zikizidishwa kwa 8, ambacho ndicho kizidishi cha shughuli nzito, jumla inakuwa 17,280. Mtumishi anayekimbia nusu saa mara tatu kwa wiki anapata 720. Kwa kuwa kiwango cha chini kinachotakiwa ni 600, dodoso linawaweka wote wawili katika kundi moja la wenye shughuli za kutosha, na karibu kila mvuvi anaingia humo. Hata hivyo, baadhi ya wavuvi hao wana shinikizo la damu lililo juu. Msimamizi wangu anataka nitumie jumla moja kwa kila mtu ili matokeo yalingane na ya tafiti nyingine. Je, ni sahihi kuchanganya kuvuta nyavu usiku kucha na kukimbia jioni kwa hiari? Na je, niazime aksileromita, vile vifaa vidogo vya kuvaa kiunoni vinavyorekodi mijongeo, niachane na maswali?

Mtakwimu wa Isevya, Tabora

Dada, hifadhi dakika za kila eneo la shughuli (kazi, safari na mapumziko) peke yake hadi mwisho wa uchambuzi. Msimamizi wako hajakosea kuhusu ulinganifu: jumla unaihitaji katika jedwali moja, ili kazi yako iweze kusimama kando ya utafiti wa kitaifa wa STEPS wa mwaka 2012, uliofuata utaratibu wa Shirika la Afya Duniani wa kupima vihatarishi vya magonjwa yasiyoambukiza. Ila jedwali hilo lisiwe ndilo linalojibu swali lako la shinikizo la damu.

Sehemu kubwa ya ushahidi kwamba shughuli za mwili huulinda moyo ilikusanywa katika nchi tajiri, kwa watu ambao shughuli yao ni ya hiari, huchukua muda mfupi, na hufuatwa na chakula na usingizi. Watafiti wakiongozwa na Andreas Holtermann wa Denmark walipochapisha mwaka 2021 takwimu za watu 104,046 wa eneo la Copenhagen, shughuli za wakati wa mapumziko ziliambatana na hatari ndogo ya magonjwa makubwa ya moyo na ya kifo, ilhali shughuli za kazini ziliambatana na hatari kubwa zaidi. Maelezo yao ni kwamba kazi ya kutwa huyapandisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu kwa saa nyingi bila kuupa mwili nafasi ya kurudi katika hali yake. Wapo wanaopinga, wakisema kwamba wafanyakazi wa kazi nzito huko ndio pia wenye kipato kidogo na wavutaji wa sigara, na kwamba hesabu haziwezi kuziondoa tofauti zote hizo. Naona wapinzani hao wana hoja nzito, lakini hata ukikubaliana nao bado hujapata ruhusa ya kujumlisha, kwa sababu ikiwa kazi nzito na umaskini huenda pamoja, basi dakika za kazini zinabeba mambo mengi zaidi ya mjongeo.

Lipo na suala la nani hubaki kazini. Mwaka 1953 Jeremy Morris na wenzake walionyesha kuwa makondakta wa mabasi ya ghorofa ya London, waliopanda na kushuka ngazi kutwa, walipata ugonjwa wa moyo kidogo kuliko madereva waliokaa. Utafiti huo husifiwa kila mahali. Wasichokitaja wengi ni kwamba mwaka 1956 timu hiyohiyo ilichunguza vipimo vya sare na kukuta madereva wana viuno vikubwa zaidi hata miongoni mwa vijana, jambo linaloashiria kwamba sehemu ya tofauti hiyo walikuja nayo siku ya kuajiriwa. Kwako hali ni hiyohiyo kwa sura nyingine: mvuvi anayeugua huacha mtumbwi na kwenda kufungua genge, na wewe utamkosa mwaloni au utamwandika kuwa mfanyabiashara. Ongeza swali kuhusu kazi ya awali na sababu ya kuiacha.

Mzee wa Kibirizi

Binti yangu, mimi si msomi wa takwimu, ila ziwa ninalifahamu. Umesema dodoso linauliza kuhusu wiki ya kawaida. Mvuvi wa dagaa hana wiki ya kawaida. Taa huvuta dagaa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga wa taa hupotea ndani ya mwanga wa mwezi, na wavuvi wengi hukaa nchi kavu kwa siku kadhaa wakishona nyavu, wakikarabati mitumbwi au wakilala tu. Ukimuuliza wakati wa giza atakupa saa nyingi, na ukimuuliza wakati wa mbalamwezi atakupa chache, na mara zote mbili atakuwa amesema kweli. Usisahau pia kwamba ziwa hufungwa kwa amri: mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Mtu aliyehojiwa Juni mwaka ule angeonekana mvivu.

Jambo la pili ni kwamba mtumbwini kazi haziko sawa. Wapo wanaovuta nyavu, yupo anayeshughulikia injini, yupo anayelinda taa. Ukiandika neno mvuvi peke yake, umewachanganya wote hao.

Mkufunzi wa elimu ya viungo

Shikamoo, Mzee. Hoja ya mwezi peke yake inatosha kumzuia mwanafunzi huyu asimvalishe mtu kifaa kwa siku 7 mfululizo, kama ilivyo desturi, kisha akaita matokeo hayo mwenendo wa mtu huyo. Ningependa niongeze kuhusu aksileromita. Kifaa cha kiunoni kinasoma vizuri kutembea na kukimbia, kwa sababu hapo kiwiliwili chote husogea. Mtu anayevuta nyavu amesimama mahali pamoja, kazi ikifanywa na mikono na mgongo, anaweza kusomeka kama aliyetulia, huku mawimbi yakimrekodia mijongeo ambayo hakuifanya. Mwanamke aliyebeba ndoo ya dagaa kichwani naye atasomeka sawa na anayetembea mikono mitupu.

Kuhusu mzigo wa kichwani kuna kisa kinachofaa kukumbukwa kabla ya kukisia gharama yake kwa mwili. Mwaka 1986 Maloiy wa Nairobi na wenzake walichapisha matokeo kwamba wanawake wachache wa Kikuyu na Kijaluo waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wao bila matumizi ya nishati kuongezeka. Dunia ikashangilia. Watafiti waliolirudia jambo hilo kwa wanawake wa Kixhosa wa Afrika Kusini, wakachapisha mwaka 2010, hawakuona kwamba kubeba kichwani kuna nafuu kuliko mgongoni, ila walikuta tofauti kubwa kati ya mwanamke mmoja na mwingine. Kwa hiyo kizidishi kimoja kwa wabebaji wote hakina msingi imara.

Ukipata fedha, mapigo ya moyo yatakusaidia zaidi. Herman Pontzer, David Raichlen na wenzao waliwavalisha Wahadzabe wa ukanda wa Ziwa Eyasi mikanda ya kifuani inayopima mapigo, nao walikuta, katika matokeo ya mwaka 2017, kwamba watu hao hutumia zaidi ya saa mbili kwa siku katika shughuli za wastani au nzito na kwamba shinikizo la juu la damu ni nadra kwao. Msiharakishe kuwalinganisha na wavuvi wa Kigoma, ambao hukesha, hununua chumvi na sigara, na hudaiwa na tajiri wa mtumbwi.

Mwanafunzi wa Ujiji

Shikamooni, na ninawashukuru. Nitatenganisha maeneo matatu ya shughuli, nitaandika tarehe ya mwezi mwandamo katika kila hojaji, na nitauliza nafasi ya mtu ndani ya mtumbwi. Badala ya wiki moja ya kawaida ninafikiria kuuliza mara mbili, wiki ya giza na wiki ya mbalamwezi, kisha kukokotoa wastani kulingana na idadi ya siku za kila moja. Swali lililobaki: nipime shinikizo la damu lini? Wavuvi hupatikana kwa urahisi alfajiri, mitumbwi inapotia nanga.

Mtakwimu wa Isevya, Tabora

Alfajiri ndiyo saa mbaya kuliko zote, dada. Mtu ametoka kukesha, amevuta nyavu, pengine amekunywa kahawa na kuvuta sigara akiwa njiani. Utakachokipima ni usiku wake. Utaratibu wa STEPS unataka mtu apumzike dakika 15 akiwa ameketi, apimwe mara tatu kwa nafasi ya dakika tatu, na wastani utokane na kipimo cha pili na cha tatu. Alfajiri tumieni kuandikisha majina na kupanga miadi, kisha mpimeni mtu alasiri akiwa ameshalala na kuamka, na watumishi wa ofisini nao muwapime alasiri hiyohiyo ili saa ya kipimo isiwe ndiyo inayotofautisha makundi. Wanawake wa dagaa watawasumbua kidogo, kwa kuwa alasiri ya jua kali ndiyo wanapogeuza na kuzoa dagaa kwenye chanja, hivyo mtenge mmoja wa wasaidizi wako awafuate nyumbani jioni na aandike saa ya kipimo. Na kabla ya yote, katika maombi ya kibali cha maadili eleza wazi kwamba atakayekutwa na kipimo cha juu ataandikiwa rufaa kwenda zahanati au kituo cha afya kilicho karibu naye, kwa sababu kamati itakuuliza hilo kabla ya kugusa takwimu zako.