Tupeane uzoefu: CV yako ya kazi za fildi kwenye mafuta na gesi, ulibadilisha nini hadi ukaitwa?

Mwanzisha uzi

Wakuu, habari zenu. Nimeona vijana wengi, na hata mafundi wenye mikono mizuri kabisa, wanatuma CV mwaka mzima bila kuitwa hata mara moja. Nami nimepita huko. Naomba kila mmoja asimulie alichobadilisha kwenye karatasi yake hadi simu ikaita. Naanza mimi.

Kabla ya kuingia kwenye gesi nilikuwa fundi makanika kiwandani kwa miaka saba. CV yangu ya kwanza ilikuwa na kurasa nne, na ule wa kwanza wote ulijaa "mchapakazi, mwaminifu, najifunza haraka, naweza kufanya kazi na timu". Nilituma kila mahali, kimya. Mzee mmoja aliyewahi kuwa forman wangu, wakati huo keshastaafu, akaniambia nimpelekee aione. Akaisoma, akaigeuza kifudifudi mezani, akaniuliza, "Pampu gani umewahi kuifungua?" Nikaanza kumtajia. Pampu za maji ya boila, nimebadilisha sili, nimebadilisha beringi, nimelinganisha shafti ya pampu na ya mota kwa leza zikae mstari mmoja. Akanisogezea peni. "Andika hayo uliyoyasema sasa hivi. Haya mengine kila mtu anayo."

Zamani niliandika: "Nilihusika na matengenezo ya mitambo." Ikawa hivi: "Nimekarabati pampu 6 za maji ya boila, kubadilisha sili na beringi, kulinganisha shafti kwa leza, kupima mtetemo kabla na baada ya kuwasha. Kazi zote chini ya kibali, kufuli langu mwenyewe likiwa kwenye swichi."

Kile kipande cha kufuli, lile unaloweka mtu asiwashe mtambo ukiwa unaufanyia kazi, niliulizwa kwenye usaili karibu nusu saa nzima. Nani anabaki na ufunguo, zamu ikiisha kazi haijakwisha inakuwaje, fundi wa umeme akitaka kujaribu mota katikati ya kazi unafanya nini. Wiki iliyofuata nilikuwa kazini.

Welda wa bomba

Uzi umekuja wakati mzuri mkuu. Mimi niongee na wachomeleaji wenzangu.

Wengi tunaandika "welda mzoefu, 6G" halafu basi. Hiyo 6G inamwambia msomaji kwamba umefaulu jaribio la bomba lililoinamishwa nyuzi 45 ambalo halizungushwi, unalizunguka wewe. Ni jambo kubwa, lakini halijamaliza maswali. Kwa utaratibu wa ASME Section IX, kanuni za Kimarekani za kupima wachomeleaji, ukikaa miezi sita bila kutumia mchakato fulani, sifa yako kwa mchakato huo inakwisha. Mimi nilikuwa nimekaa miezi minane bila kushika argoni (kuchomelea kwa kinga ya gesi ya argoni), nachomelea kwa fimbo tu, na kwenye CV nimeandika vyote viwili. Nikaitwa. Siku ya siku mkaguzi akaniuliza karatasi inayoonyesha mara ya mwisho kutumia argoni ni lini. Sikuwa nayo. Nafasi ikaenda kwa mwingine, na niliumia kwa sababu mkono wangu ulikuwa bado uko sawa.

Tangu hapo kila mradi nina karatasi yangu ya mwendelezo, mkaguzi anaitia saini kabla sijaondoka. Kwenye CV kila mradi unabeba mambo haya: argoni kwa mzizi (tabaka la kwanza), fimbo kwa kujaza na kufunika, chuma cha kaboni au kisichoshika kutu, bomba la inchi ngapi hadi ngapi, unene, na kati ya viungo vyangu vilivyopigwa eksirei, vingapi vilirudiwa. Hiyo ya mwisho watu wanaiogopa. Iandikeni. Msimamizi wa ubora akiona welda anajua hesabu ya viungo vyake vilivyorudi, anajua huyo anafuatilia kazi yake.

Fundi wa ala za vipimo

Kaka welda umesema kweli. Mimi shida yangu ilikuwa nyingine. Nina shahada, na CV yangu ilianza na shahada, ikaendelea na mradi wa chuo, ikaendelea na semina. Nilikuwa naitwa, lakini kila nikiitwa ni kazi ya ofisini, kuingiza takwimu. Nadhani kuwa mwanamke nako kulichangia, mtu anaona jina anakupangia kiti.

Nikaweka mstari mmoja chini ya jina: "Fundi wa ala za vipimo, fildi, tayari kwa zamu ya siku 28 kazini na 28 nyumbani." Chini yake vifaa nilivyovigusa: transmita za shinikizo na za usawa wa kimiminika, vigunduzi vya gesi, valvu za kudhibiti. Kisha cheti cha CompEx na tarehe kinapokwisha, maana bila hicho sehemu nyingi huwezi kufungua hata boksi moja la umeme kwenye eneo lenye gesi inayoweza kulipuka. Shahada ikashuka chini.

Mstari ulionipa kazi ni huu: "Nimejaribu valvu za kudhibiti kwa hatua tano, miliampia 4, 8, 12, 16 na 20, kwenda na kurudi." Aliyenisaili ni mzee wa fildi. Akauliza, "Ikigoma kwenye 12, unaanzia wapi?" Nikamjibu naanza na presha ya hewa inayoingia, nikimaliza hapo naangalia pozishona, kifaa kinachoisogeza valvu kufuata ishara, kisha nauliza kama kuna mtu amekaza paking, ile ya kuziba mvujo kwenye shina la valvu, siku za karibuni. Aliposikia hilo la paking akatabasamu. Hayo ya chuo hakuyauliza hata moja.

Nilikuwa nachuja CV

Nimekaa upande wa pili wa meza miaka minne, nikitafutia miradi watu. Naomba niseme ukweli wa tunavyosoma.

Nusu ya juu ya ukurasa wa kwanza ndiyo inayoamua. Forman amepungukiwa fundi, helikopta ya kwenda jukwaa la baharini inaondoka Jumanne. Swali lake ni moja: huyu naweza kumpandisha? Kwa hiyo vyeti vya usalama vikae juu, kila kimoja na tarehe ya kuisha. BOSIET, mafunzo ya msingi ya usalama na dharura baharini, ina miaka minne. Cheti cha udhibiti wa kisima cha IWCF, shirika la kimataifa la fani hiyo, ngazi ya 3 na ya 4 kina miaka miwili. Mtu ameandika "BOSIET: ninayo" bila tarehe, mimi sina muda wa kumpigia kumuuliza, namchukua aliye chini yake. Imeniuma mara nyingi, kwa sababu unakuta baadaye yule wa kwanza ndiye alikuwa bora.

Kazi yako iite kwa jina lile lile lililo kwenye tangazo, kama kweli ndiyo uliyofanya. Programu zinazochuja zinatafuta maneno, na maandishi yaliyowekwa ndani ya picha mara nyingi haziyasomi kabisa. Kurasa mbili zinatosha. Picha ya pasipoti, dini, hali ya ndoa, sijawahi kuvitumia kumchagua mtu wa kufungua flanji, yaani viungo vya bomba vya bolti.

Niliyejipandisha cheo

Nilisita kuandika hapa. Ila kuna kijana atasoma.

Niliandika kwamba nilikuwa natoa vibali vya kazi, zile karatasi zinazoruhusu kazi ya hatari ianze. Ukweli nilikuwa mpokeaji tu, natia saini kwamba nimeelewa. Msaili akaniwekea habari ya Piper Alpha, jukwaa la mafuta na gesi la Bahari ya Kaskazini, tarehe 6 Julai 1988. Pampu moja ilikuwa imetolewa valvu yake ya usalama kwa matengenezo. Taarifa ya kibali kile haikuwafikia waliokuwa zamu ya usiku, pampu ya pili ikazima, wakawasha ile ya kwanza, gesi ikavuja na kulipuka. Walikufa watu 167. Kisha akaniuliza, "Wewe unayetoa vibali, jioni ile ungekabidhi vipi?"

Sijawahi kukabidhi kibali maishani mwangu. Nilimwambia hivyo hivyo, nikaomba radhi, nikaondoka. Sasa CV yangu inasema "mpokeaji wa vibali, kazi za moto na za kuingia kwenye matangi", na nimeajiriwa kwa hiyo hiyo. Jamani, cheo cha kibali msikiguse kama si chenu. Kuna watu watalala usingizi wakitegemea saini yako.

Mchimbaji

Langu fupi. Mapengo msiyafiche. Pipa la mafuta lilikuwa juu ya dola 100 katikati ya 2014, Januari 2016 likawa chini ya 30, na rigi, mitambo ya kuchimba visima, zikasimama. Nilikaa miezi 14 bila kazi. Nikaandika tu: "Rigi ilisimamishwa. Kipindi hiki nilifanya kazi ya kreni bandarini, nikahuisha cheti cha udhibiti wa kisima." Aliyesoma naye alipunguzwa mwaka ule ule. Hakuuliza zaidi.

Mgeni

Shikamooni wakubwa zangu. Mimi ndiyo nimemaliza chuo, sina pampu wala kisima. Nina wiki kumi tu za mafunzo kwa vitendo kwenye ghala la mafuta. Nimeandika: "Nilijifunza mambo mengi kuhusu uhifadhi wa mafuta." Naona haifai, ila sijui niweke nini.

Mwanzisha uzi

Marahaba mdogo wangu. Asubuhi ukifika pale ulikuwa unafanya nini cha kwanza?

Mgeni

Tulikuwa tunapanda juu ya matangi manne na fundi. Anashusha tepu ya kupimia, mimi nasoma kimo na joto, naandika kwenye daftari. Chini ya tepu tunapaka ile dawa inayogeuka rangi ikigusa maji, tujue maji yako kiasi gani chini ya tangi. Baadaye nikawa nashusha mwenyewe, yeye anasimama pembeni.

Mwanzisha uzi

Sasa unaona. Andika matangi manne, kila asubuhi, wiki kumi, kimo, joto na maji ya chini, na kwamba mwishoni ulipima mwenyewe chini ya usimamizi. Na mlipokuwa juu ya tangi mlivaa kipima gesi? Kama mlivaa, nacho kiandike.