Tupeane uzoefu: kubadilisha taa ya mbele ya gari hapa Dodoma ulilipa shilingi ngapi?

Kisasa_IST
Wakuu habari za jioni. Jumamosi natoka Kibaigwa kuchukua mahindi, saa moja moja hivi, nimeshafika Mbande mbuzi wakaanza kuvuka, watatu wakapita nikajua wameisha kumbe wa nne kabaki nyuma. Nimemgonga na kona ya kushoto. Na mwenye mbuzi tumemalizana kwa elfu 80, mtu muungwana kabisa. Shida ni taa, kioo chote kimeenda. Fundi wa kwanza kasema laki 1 na 20 mtumba wa Japani, wa pili laki 2 na nusu mpya, wa tatu hataji bei anataka nimwachie gari. Ni Toyota IST, taa ya balbu ya kawaida sio zenoni zile za mwanga mweupe mkali. Mliopitia hii mlilipaje na mlinunua wapi?

Mtu_wa_Nkuhungu
Pole mkuu. Huyo wa tatu usimwachie gari.

MamaIlazo
Afadhali wewe kaka yangu una IST. Mimi Harrier, taa zenoni, bodaboda alinigusa nimepaki pale Sabasaba akakimbia. Kilikuwa kiufa kidogo tu kama unywele nikasema ntakaa nacho mpaka mwisho wa mwezi. Ikapiga mvua moja ya Desemba, asubuhi nakuta taa ina maji kama bakuli, mende anaelea humo ndani. Maji yakaingia kwenye balasti, kile kiboksi cha umeme cha kuwashia zenoni, ikafa. Kioo mtumba laki 3 na nusu, balasti laki 1 na 20, balbu elfu 70, fundi elfu 30, basi la kuleta mzigo kutoka Dar elfu 10. Laki 5 na 80 imeondoka, na ule ufa ningeuziba siku ile ile nisingelia hivi.

Dereva_Mtera
Maji ndo adui namba moja. Ufa ziba hapo hapo hata kwa selotepu.

Fundi_Majengo
Selotepu hapana, taa ikipata joto inabanduka, weka silikoni. Dada wa Harrier pole, na siku nyingine ukinunua balbu ya zenoni uende na ile iliyokufa mkononi, kuna D2 na D4, ukiziangalia kwa haraka unaona ni mtu na pacha wake ila umeme wake tofauti, D2 inatumia volti 85, D4 volti 42, haziingiliani. Kisasa_IST, kabla hujatoa hela angalia masikio ya taa, zile ncha za plastiki za kuifungia kwenye gari, yote yawe mazima, yaliyochomelewa huwa yanaachia kwenye barabara mbovu ukiwa njiani. Halafu kwenye kioo kuna namba imechapwa chini ya jina la mtengenezaji, Koito au Stanley au Ichikoh, ilingane na ya upande wako mzima. Na taa itoke kwenye gari la Japani, wanaendesha kushoto kama sisi. Ya gari la Marekani inamulika upande wa anayekuja, unampofusha.

Crown_Changombe
Nyie mafundi ndo mnatuumiza, bei mnataja kwa kuangalia gari. Mimi niliambiwa taa moja ya Crown laki 6. Nikapanda treni ya SGR asubuhi, elfu 31 kwenda na 31 kurudi, nikaingia mwenyewe maduka ya spea ya Gerezani, Dar, nikaipata laki 3 na 80, jioni niko Dodoma.

Fundi_Majengo
Na siku yako ya kazi umeihesabu? Na ungefika home ukakuta sikio limevunjika ungemrudishia nani? Mimi nikikuletea mbovu unanijua nilipo.

Crown_Changombe
Laki 1 na nusu na zaidi imebaki mfukoni mwangu fundi, hiyo ndo hesabu ninayoijua.

Mwl_Bahi
Mnabishana bei, mimi nimenunua taa ZANGU MWENYEWE. Ilikuwa harusi ya mdogo wangu, ukumbi wa Area C, nimetoka saa 6 usiku nakuta Noah ina mashimo mawili mbele, waya zinaning'inia. Nimelala kwenye gari mimi na mke wangu na nguo za harusi mpaka kukapambazuka. Nikamwita fundi wangu wa miaka 4, akasema nipe siku mbili mwalimu. Siku ya pili kaleta taa mbili, laki 4, safi kabisa nikalipa na soda nikamnunulia. Jumapili naosha gari nikainama na tochi kuangalia chini ya taa ya kushoto. Mwaka mmoja nyuma sikio la taa hiyo lilivunjika nikaliunga mwenyewe kwa kipande cha ndoo ya bluu, nikakiyeyusha kwa msumari wa moto na kukaza na waya wa shaba mizunguko miwili. Ndoo ile ya bluu iko pale pale inaniangalia. Nilikaa chini kwenye tope.

MamaIlazo
Mungu wangu.

Mtu_wa_Nkuhungu
Na ukamfanyaje??

Mwl_Bahi
Akaapa kaletewa na kijana mwenye begi. Kijana simu haipatikani mpaka leo. Kanirudishia laki 1, tukaachana hapo.

Crown_Changombe
Fundi_Majengo hebu jibu na hili.

Fundi_Majengo
Najibu. Mimi mtu akija na taa kwenye begi simsikilizi, na anayezinunua ni mwizi sawa na aliyezing'oa. Usitupake wote. Mwalimu pole sana.

Mwl_Bahi
Asante. Sasa hivi nimechora namba ya gari nyuma ya kila taa kwa msumari wa moto.

Dereva_Mtera
Jamani msichelewe kutengeneza. Mwaka juzi taa yangu ya kulia iliungua natoka Mtera nikasema nitafika hivyo hivyo. Lori likaja mbele, dereva kaona taa moja kule pembeni akajua ni pikipiki, akaja katikati ya barabara. Nilitoka nje mpaka kwenye mibuyu, niliposimama mguu wa breki ulikuwa unatetemeka wenyewe. Hapo sijasema trafiki asubuhi yake, elfu 30. Balbu yenyewe ya H4 niliinunua elfu 8.

Kisasa_IST
Aisee asanteni sana. Nimeagiza mtumba, laki 1 na 10, masikio nimetumiwa picha na namba inalingana. Inashuka Nanenane kesho na basi. Fundi_Majengo nakuja saa 4, kufunga bei gani?

Fundi_Majengo
Elfu 15, bampa linashuka. Njoo na msumari tuichore kabla hatujaifunga.