Lauritz Melchior: alihamaje kutoka baritoni kwenda tenori?

SautiYaTatu
Wakuu, nafuatilia maisha ya Lauritz Melchior, mwimbaji wa opera aliyezaliwa Copenhagen mwaka 1890. Alianza mwaka 1913 kwenye Jumba la Maonyesho la Kifalme kama baritoni (sauti ya kati ya kiume), akiigiza Silvio katika opera ya Pagliacci. Mwaka 1918 akapanda jukwaa hilohilo kama tenori (sauti ya juu ya kiume), katika Tannhäuser, opera ya mtunzi Mjerumani Richard Wagner. Alihamaje hasa? Na nianze na rekodi ipi?

MwalimuWaSauti
Aliyegundua kwamba ni tenori ni Madame Charles Cahier, kontralto (sauti ya chini ya kike) wa Kimarekani waliyekuwa naye ziarani wakiimba opera ya Il trovatore. Melchior alikuwa Conte di Luna, nafasi ya baritoni. Mwimbaji wa soprano (sauti ya juu ya kike) sauti ilipomgomea, Melchior akamsaidia kwa kuipiga C ya juu, noti ambayo baritoni kwa kawaida haifikii. Cahier akauandikia uongozi wa jumba umpe likizo na fedha za kusoma upya, ndipo akaenda kwa Vilhelm Herold, tenori maarufu wa Denmark.

Ila usidhani mwaka 1918 kazi ilikwisha. Mwandishi wa Uingereza Hugh Walpole alimgharamia masomo zaidi kwa Victor Beigel, kisha akanolewa na Anna Bahr-Mildenburg. Ni mwaka 1924 ndipo alipoimba Covent Garden, jumba la opera la London, na Bayreuth, tamasha la opera za Wagner huko Ujerumani.

Ugumu wenyewe uko hapa: ikipanda, sauti ya baritoni hugeuka kutoka mtetemo wa kifuani kwenda wa kichwani karibu na noti ya E, ya tenori mzito karibu na F. Nusu toni tu, lakini wengi huumia hapo. Wanapanda na uzito wote wa kifua, sauti inaanza kuyumba, noti inakaa chini kidogo ya mahali pake, na koo linachakaa mapema. Anayehama vizuri huziacha kwanza noti za juu kabisa, anajenga D hadi G kwa sauti ndogo, halafu ndipo anaongeza nguvu. Wagner alimfaa Melchior kwa sababu hiyo: Siegmund, nafasi ya tenori katika opera ya Die Walküre, hapandi kupita A, na sehemu kubwa ya nafasi hiyo iko chini, pale ambapo baritoni wa zamani ana sauti nene tayari.

SanturiKuukuu
Anza na tendo la kwanza la Die Walküre, lililorekodiwa Vienna mwaka 1935. Bruno Walter anaongoza okestra, soprano Lotte Lehmann ni Sieglinde, dada pacha wa Siegmund. Nenda moja kwa moja pale Siegmund anapomwita baba yake, "Wälse!", mara mbili. Wito wa pili uko nusu toni juu ya wa kwanza, kwenye G. Sikiliza jinsi noti inavyoshikwa bila kutikisika wala kubanwa, halafu anarudi chini na giza la baritoni bado limo. Baada ya hapo tafuta vipande vya Siegfried, opera nyingine ya Wagner, alivyorekodi miaka ya mwisho ya 1920 na mwanzo wa 1930. Hakuna tenori wa kumfikia hapo, kwa maoni yangu.

SautiYaTatu
Asanteni sana. Na lawama kwamba hakuwa makini na muziki?

MwalimuWaSauti
Zina ukweli. Mdundo ulikuwa udhaifu wake: anawahi au anachelewa kuingia, na mwongozaji inabidi amfuate. Ukisikiliza Tristan zake (Tristan und Isolde ya Wagner) zilizotangazwa redioni kutoka Metropolitan, jumba la opera la New York, huku umeshika nota, utapotea kwenye tendo la pili, kwa kuwa siku hizo walikata kurasa nyingi. Hilo si kosa lake, ulikuwa utaratibu wa majumba mengi.

New York yenyewe ilichelewa kumkubali. Alianza huko tarehe 17 Februari 1926 bila kishindo, akaenda kujenga nafasi zake Hamburg, na mwaka 1929 Tristan ndiyo iliyombeba. Kuanzia 1935, alipopata mwenzi kama Kirsten Flagstad, soprano wa Norway, tiketi za Wagner zikawa zinagombewa. Aliimba Tristan zaidi ya mara 200, akaigiza pia katika filamu za Hollywood kuanzia 1945. Rudolf Bing, meneja wa Metropolitan aliyekuwa anaingia, hakumpa mkataba mpya, kwa hiyo Lohengrin ya Wagner ya Februari 1950 ikawa ya mwisho kwake Metropolitan. Alikuwa anakaribia miaka 60, na sauti bado ipo.